TAHADHARI: Kifaa cha kujazia maji tangi la samaki kinachouzwa Kisumu kinatia stima kwenye maji

Kama umenunua kile kifaa cha kujaza maji chenyewe kwenye tangi la samaki, kinachotangazwa hapa Kisumu kwa shilingi 3,500, na waya wa floti yake (swichi inayoelea na kuwasha au kuzima pampu kulingana na kina cha maji) unatoka moja kwa moja kwenye plagi ya ukutani bila adapta yoyote ya kupunguza volti katikati, usitie mkono kwenye maji. Zima soketi, chomoa plagi, kisha rudi umalizie kusoma.

Joto la huku mnalijua. Tangi langu halina kifuniko, na kila wiki maji yalikuwa yanashuka vidole viwili hivi. Nilichoka kubeba jagi. Muuzaji alinihakikishia kwamba anavitengeneza mwenyewe na ameshauza hadi Kakamega na Busia. Bodaboda akaniletea ndoo ya lita 20 yenye pampu ndani, mpira mwembamba, na floti nyeupe ya plastiki ya kubandika kwenye kioo. Wiki mbili kilifanya kazi vizuri, hata nikamsifu kwa majirani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ya tatu mke wangu akaniambia maji yanamchoma vidole akilisha samaki. Nilidhani ana mchubuko. Kesho yake alikuwa miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa, akagusa maji, mkono ukarushwa nyuma hadi kiwiko kikagonga ukuta. Nilichukua testa nikachovya ncha yake kwenye maji. Taa ikawaka. Tangi zima lilikuwa na stima, na samaki wanaogelea kama kawaida.

Tafadhali msiwatumie samaki kama kipimo cha usalama. Tangi la kioo lililo juu ya meza ya mbao haliipi stima njia ya kushuka ardhini, kwa hiyo samaki yuko kama ndege aliyetua juu ya waya. Njia inafunguka pale mtu aliyesimama sakafuni anapotia mkono.

Nilichomoa kila kitu nikaipasua ile floti. Mahali waya unapoingilia, muuzaji alikuwa ameziba kwa silikoni, na silikoni ilikuwa imeachana na plastiki, ufa mwembamba kama unywele. Chini yake shaba ya waya ilikuwa imegeuka kijani kwa kulowa. Na huo ndio waya wa moto, volti 240. Hata floti ikiwa imezima pampu, huo waya unabaki na stima saa 24, umezama majini, ukilindwa na tone la gundi.

Mtu atauliza, mbona breka haikuanguka? Breka ya kawaida na fyuzi ya ampea 13 hulinda nyaya zisiungue. Stima inayotosha kuusimamisha moyo ni sehemu ndogo sana ya ampea moja, breka haiioni kabisa. Kinachoiona ni RCD ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, ambayo hukata mara moja stima inapovuja kupitia mwili. Nyumba nyingi za kupangisha hazina. Mimi sikuwa nayo. Sasa fundi ameniwekea, na ningewaomba wote wenye matangi muiweke kabla ya kununua samaki mwingine.

Mwenzangu wa Nyalenda aliyenunua kwa huyohuyo alipata balaa lingine. Ndani ya floti hizi mna vipande viwili vya chuma vyembamba sana ambavyo hugusana sumaku ikisogea. Nyingi zimetengenezwa kwa nguvu ya wati 10 hivi, wala si za kuwasha mota ya pampu inayotumia stima ya ukutani. Cheche zilivigandisha, pampu ikakosa kuzima, na alfajiri alikuta ndoo yote imemwagika na ekstensheni imelala ndani ya maji.

Nilipompigia muuzaji alinijibu tuvae patipati tukilisha samaki. Niliporudi kumwomba pesa zangu, akanifungia WhatsApp. Bado anatangaza, na picha ni zilezile.

Sisemi msinunue vya kutengenezwa na mafundi wetu. Wapo wanaovitengeneza sawasawa: adapta ya volti 12 inakaa juu, mbali na maji, pampu ni ya volti 12, na floti haipitishi zaidi ya hapo. Floti ya pili juu ya ile ya kwanza huzima pampu iwapo floti ya kwanza imekwama. Mdomo wa mpira uwe juu ya maji ya tangi, la sivyo pampu ikizima maji yatarudi yenyewe hadi kwenye ndoo na kufurika. Waya nao uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Kabla ya kutuma M-Pesa, muulize muuzaji swali moja: ni volti ngapi zinapita kwenye floti? Akisema 240, au akianza kukueleza habari za silikoni, mwache. Ukimtambua kwa picha hizo za ndoo nyeupe na floti ya kubandika, mwambie na jirani yako mwenye watoto wanaopenda kuchezea maji ya tangi.