Karatasi au kitufe: kupata sifuri ya Z unapobadilisha biti

Wiki iliyopita karakanani kwetu hapa Moshi tulichonga mlango wa mninga kwa mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, chini ya nakshi ikabaki ngazi ndogo; ukipitisha ukucha, unakwama. Biti, yaani kisu kinachozunguka, ya milimita 6 ilichimba vizuri, ya milimita 3 ikazama zaidi. Mchoro haukuwa na kosa. Kila biti hutokeza kwenye koleti, kishikio chake, kwa urefu wake, kwa hiyo sifuri ya Z, yaani kimo ambapo mashine huanza kuhesabu kina, hupimwa upya.

Njia ya karatasi haina gharama: unashusha biti taratibu huku ukivuta karatasi, ikishikwa unasimama, kisha unahesabu na unene wake, kama milimita 0.1. Shida ni mkono, maana wangu na wa kijana wangu haihisi sawa. Kubwa zaidi ni mahali pa kupimia. Sisi tulipimia pale ambapo biti ya kwanza ilikwisha kupunguza uso wa ubao, ndiyo maana ya pili ikazama.

Kitufe cha kupimia kilichofungwa kwenye kona ya meza hakijali ubao umechimbwa wapi. Biti inakibonyeza, mashine inasoma tofauti ya urefu yenyewe. Ila biti ya kwanza nayo lazima ipimwe hapohapo. Futa unga wa mbao kwanza: ukibaki juu yake, mashine itadhani biti ni ndefu kuliko ilivyo, na itachimba kidogo.

Kazi ya biti moja, karatasi inatosha. Milango ya biti mbili, sirudi tena huko.

Kabla ya yote, chora alama ya wino biti inapoingia kwenye koleti. Ikisogea, kaza na usafishe koleti. Hapo hakuna kipimo kitakachokusaidia.