Ziara ya kwaya China: uzoefu wangu na kampuni iliyotupeleka

Nimesubiri sauti yangu irudi ndipo niandike haya. Ilikauka Xi'an, siku ya saba ya safari, na ikachukua karibu wiki tatu kukaa sawa.

Mimi ni Mtanzania. Nimekulia kwaya ya usharika Arusha, na sasa nasoma chuo kidogo cha Kilutheri katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambako watu wanaichukulia kwaya kwa uzito ule ule tunaoupa mpira kwetu. Naimba alto, sauti ya chini ya wanawake. Mei 2024 tulikwenda China, waimbaji 46 pamoja na mwalimu wa kwaya na mpiga piano wetu: Beijing, Xi'an na Shanghai, siku 11, maonyesho matano. Kampuni iliyotupeleka inajitangaza kwamba kazi yake ni ziara za kwaya. Sitaitaja jina, lakini huduma yake nitaieleza kama nilivyoiona, maana wanakwaya wenzangu wa nyumbani wameshaniuliza zaidi ya mara moja. Naipa nyota tatu kati ya tano. China yenyewe ningeipa zote.

Nianze na visa, kwa sababu hapo ndipo wenzangu wenye pasipoti za Afrika wataumia kwanza. Bei tuliyolipa ilijumuisha "visa ya kikundi". Hakuna aliyetuambia kwamba visa hiyo ilikuwa ya Wamarekani peke yao. Tulikuwa wageni wanne kwenye kwaya, na tuligundua zikiwa zimebaki wiki saba. Ikabidi kila mmoja aombe yake, na barua ya mwaliko, na nauli ya kwenda ubalozini kutoka mfukoni. Tena hakikisha visa yako ya nchi unayosoma bado hai siku ya kurudi. Kutoka ni rahisi, ila ukikwama Shanghai huku wenzako wanapanda ndege, hakuna wa kukusaidia.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika. Aliyeipanga hajawahi kusimama kwenye ngazi za kwaya kwa saa mbili akiwa na sare ya kitambaa kizito. Siku ya tatu tuliamshwa saa 11 alfajiri kwenda Ukuta Mkuu, sehemu ya Mutianyu, kama kilomita 70 kutoka katikati ya Beijing. Ukifika unapanda kwa gari la kamba, halafu unatembea juu ya ukuta wenyewe, mnara hadi mnara, ngazi nyingine zikiwa ndefu hadi unashika jiwe kwa mikono. Ni mahali pazuri kuliko picha zote nilizowahi kuona. Ndani ya mnara mmoja tulisimama duara tukaimba ubeti mmoja tu, polepole, na dari lile la matofali likaturudishia besi kana kwamba kuna kwaya ya pili ukutani. Watalii waliokuwa wakipita walisimama kimya. Mama mmoja wa Kichina alikuwa anamvuta mtoto mkono, akaacha kumvuta.

Lakini jioni ile ile tulikuwa na onyesho. Foleni ya magari ya kurudi mjini ilikula saa tatu. Tuliingia ukumbini saa 12:40 jioni, onyesho saa 1:30. Hatukujua jukwaa lina kina gani, hatukupasha sauti zaidi ya dakika kumi, na chakula kilikuwa biskuti ndani ya basi. Tuliimba, na watu walipiga makofi, lakini anayejua kusikiliza angesikia soprano, wale wa sauti ya juu, wanashuka chini ya noti kila tulipofika mwisho wa wimbo. Mwalimu wetu ni mtu mpole. Usiku ule hakusema neno na mtu. Siku mbili baadaye ikawa hivyo tena, na Xi'an tena, na huko ndiko koo langu lilipokataa.

Mtalii akichoka analala kesho. Mwimbaji akichoka, uchovu unasikika ukumbi mzima.

Pia kuna jambo la orodha ya nyimbo. Kikundi cha nje hakiwezi kupanda jukwaani China na kuuza tiketi bila kibali, na maombi hayo huenda pamoja na nyimbo mtakazoimba. Sisi tulipeleka orodha na tafsiri ya maneno mapema. Majibu yalikuja: nyimbo mbili za dini ziondolewe kwenye maonyesho mawili. Sawa, nchi ina taratibu zake na mgeni huzifuata. Kosa ni kwamba kampuni ilikuwa na majibu hayo tangu Machi, ikamwambia mwalimu tukiwa tayari Beijing, kwenye chakula cha usiku. Tungekuwa tumefanyia mazoezi nyimbo nyingine miezi miwili. Badala yake tulikaa kwenye korido ya hoteli na nota zetu, tukipanga upya mpaka saa sita usiku.

Kasri la Kifalme, ule uitwao Mji Uliokatazwa, sikuliona kwa ndani. Tiketi hukatwa kabla kwa namba ya pasipoti, na langoni wanaikagua. Yangu ilikuwa imeandikwa vibaya, na za wenzangu wawili pia. Tulibaki nje na msaidizi wa mwongozaji, dada mmoja aliyeona aibu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Akatupeleka kilima cha Jingshan, upande wa kaskazini, ambacho kilirundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji la kasri hilo. Kutoka juu unaona mapaa yote ya njano, moja nyuma ya jingine hadi macho yanachoka. Dada yule sitamsahau. (Mkienda wenyewe, kumbukeni kasri hufungwa Jumatatu.)

Nikiandika mabaya peke yake nitakuwa sijatenda haki, kwa sababu kampuni ilifanya vizuri mambo matatu au manne, na moja lilikuwa zawadi kubwa: walitupa asubuhi nzima Hekalu la Mbingu, bila haraka.

Hekalu liko ndani ya bustani kubwa kusini mwa Beijing, lilijengwa mwaka 1420, na wafalme walikwenda pale kuomba mavuno mema. Ukumbi wake mkuu, wa duara, wa mbao, una urefu wa mita 38 na nguzo na mihimili yake imeshikana bila misumari. Ila mwanakwaya aende moja kwa moja kwenye Madhabahu ya Duara. Ni jukwaa la mawe meupe la ngazi tatu, wazi kabisa, bila paa. Katikati ya ngazi ya juu kuna jiwe moja la mviringo. Duara la kwanza la mawe kulizunguka lina mawe 9, la pili 18, hivyo hivyo hadi la tisa lenye 81. Ukisimama juu ya lile jiwe la kati na kutoa sauti, inagonga vizuizi vya mawe pembeni na kukurudia haraka sana, kabla sikio halijatofautisha sauti yako na mwangwi wake. Unajisikia mkubwa ghafla, kama umeshika kipaza sauti. Aliye hatua tano mbali hasikii tofauti yoyote.

Kuna foleni ya kupanda pale, kila mtu anataka picha. Zamu yangu ilipofika niliimba "aa" moja, noti ya chini ya alto, ile ambayo kanisani inafunikwa na soprano siku zote. Miaka kumi na miwili naimba alto na sikuwahi kuisikia sauti yangu namna ile, imekamilika, peke yake. Nilishuka machozi yakinilengalenga. Rafiki yangu anayeimba sauti ya tenor akaniuliza nina nini, nikashindwa kumwambia.

Kwenye bustani hiyo hiyo asubuhi wazee wamejaa: wengine wanacheza karata kwenye ile korido ndefu, wengine wanafanya taichi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, na kuna kundi linaimba kwa sauti kuu, mmoja anapiga kinanda cha mkono. Walipotambua sisi ni kwaya, wakatuomba tuimbe. Tukawapa wimbo wa kienyeji wa kwao unaosifu ua la asumini, ambao China nzima unajulikana. Mstari wa pili wote walikuwa wanaimba nasi. Mzee mmoja akauliza natoka wapi. Mwongozaji akatafsiri: "Tansangniya." Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akataja reli. Anaikumbuka TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja na watu wetu miaka ya 1970. Ukiwa Mtanzania, jiandae kusikia habari hiyo kwa wazee.

Wimbo ule tulifundishwa na mwanafunzi Mchina wa chuoni kwetu. Alituonyesha kwamba "ma" ikipandishwa na kushushwa inaweza kuwa mama, katani, farasi au kukemea, tukaogopa. Kisha akatutuliza kwamba ukiimba, muziki ndio unaobeba sauti, msikilizaji ataelewa. Mimi nami nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, maana tulikuwa na wimbo mmoja wa nyumbani. Nilihangaika na "mbinguni". Wamarekani wanasema "em-bi-nguni", silabi moja zaidi, na mdundo wote unaanguka. Niliwaambia wafumbe midomo kwanza kama wanaonja kitu, halafu waiachie. Kwenye onyesho la Beijing, wanafunzi wanne Wachina wanaosoma Kiswahili chuo kikuu walikuja nyuma ya jukwaa (Kiswahili kinafundishwa Beijing tangu miaka ya 1960). Mmoja akaniambia, "Hongera dada, maneno yote tumeyasikia." Kwangu hiyo ilikuwa tuzo.

Kampuni ilitupa pia tiketi za kusikiliza okestra kwenye ukumbi wa taifa wa Beijing, ule wanaouita yai, kazi ya msanifu Mfaransa Paul Andreu, uliofunguliwa 2007. Kuba lake la titani na kioo limezungukwa na ziwa, na unaingia kwa njia iliyo chini ya maji. Ukiinua macho unaona mawimbi juu ya kioo. Ndani, mtu akitoa simu kupiga picha, mhudumu anammulika kwa nukta nyekundu ya taa hadi airudishe. Nimeipenda mno. Natamani ingekuwepo kwenye mashindano yetu ya kwaya.

Treni hazina mfano. Beijing hadi Shanghai ni kilomita 1,318, na zile za haraka zinafika kwa saa nne na nusu hivi, mwendo hadi 350 kwa saa. SGR yetu ya Dar hadi Dodoma imeundwa kwa 160. Kila behewa lina bomba la maji ya moto. Maji ya moto yako kila mahali China, stesheni, hotelini, mgahawani, na yaliliponya koo langu kuliko dawa. Bebeni chupa ya chuma.

Xi'an nitapita haraka kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Askari wa udongo (sanamu za kale), waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, wanastahili siku nzima. Sisi tulipewa saa mbili. Mtaa wa Waislamu ndio ulionipa raha: msikiti wa zamani wenye paa na bustani za Kichina, na supu ya kondoo ambayo unaletewa mkate mgumu uumege mwenyewe, vipande vidogo kama maharage, ndipo bakuli lirudi jikoni limwagiwe mchuzi. Mwenzetu kutoka Mombasa, aliyekuwa akila mboga na mayai tangu Beijing, alikula bakuli mbili.

Simu: WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya kule. Laini yangu ya Marekani iliyowashwa huduma ya ng'ambo ilifanya kazi, intaneti ya hotelini hapana. Malipo ni kwa simu karibu kila mahali. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat, programu za simu wanazolipia kule, kabla hujasafiri.

Onyesho la mwisho lilikuwa Ukumbi wa Muziki wa Shanghai. Jengo hilo la mwaka 1930 lilihamishwa zima zima mwaka 2003, mita 66 kutoka lilipokuwa, kuliepusha na barabara ya juu na kelele zake. Siku ile matembezi yetu yalifutwa, tukalala mchana. Tulipasha sauti saa nzima. Mimi nilikuwa bado sina sauti, nikaketi safu ya nyuma na chupa yangu ya maji ya moto, na nikasikia kwaya yetu inaimba kama inavyoimba nyumbani, noti ya mwisho imetulia pale pale ilipoanzia. Hadhira ilikaa kimya kidogo kabla ya makofi.

Tumewaandikia kampuni yote haya. Pesa za tiketi tatu za Kasri zimerudi wiki iliyopita. Gharama za visa wamekataa. Kuhusu ratiba wamekubali kwa maandishi kwamba ziara ijayo siku ya onyesho haitakuwa na matembezi baada ya saa sita mchana. Mwalimu ameomba iwe siku nzima, bado hawajajibu.