TAHADHARI: Kuna jamaa anauza "tobaa orijino ya Japani" Mtwara na Lindi, msimpe hela

Wadau wa Mtwara, Lindi, Masasi na kusini yote kwa ujumla, kama una pikapu na unatafuta tobaa, yaani kile chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia tela, naomba usome hii kabla hujamtumia mtu hata shilingi, hasa kama gari yako imeshushwa chini maana wenye hizo gari ndo huyu jamaa anawawinda sana sa hivi.

Jina simtaji kwa sababu suala lipo polisi na sitaki liharibike, ila kwa anavyofanya kazi mtamjua tu. Anarusha picha za tobaa kali kwenye magrupu ya WhatsApp ya kuuza na kununua, picha zenyewe za kuokota mtandaoni maana moja ina mpaka namba ya gari ya nje. Ukimcheki anajibu fasta, mpole, kila neno bosi, anakwambia mzigo umetoka Japani, unafungwa kwa bolti tu, hautoboi wala hauchomelei kitu, na unaingia kwenye Hilux yoyote ile, iwe ndefu iwe imelala. Hapo kwenye "yoyote ile" ndo pa kushtukia. Chasisi ya Hilux ya miaka ya 90 na ya miaka ya karibuni hazifanani, single kebini na dabo kebini nyuma hazifanani, sasa chuma kimoja kitaingiaje zote.

Halafu anataka nusu ya hela ya kutolea mzigo bandarini. Kuna kijana Nachingwea kaishia hapohapo, katuma advansi jamaa akaingia mitini, namba haipatikani mpaka leo. Huyo kapoteza hela. Ila mimi naona waliofungiwa hicho kitu ndo wapo kwenye hatari zaidi.

Shemeji yangu yupo Mikindani, ana ile Hilux Sports Pick Up ya Japani, ya kusukuma tairi za nyuma tu, aliinunua ikiwa imeshalala tayari, nyuma ina bloku za kuishusha na chasisi imekatwa nusu duara juu ya ekseli ili ekseli ipate pa kupandia isigonge. Gari nzuri sana kwa macho. Alitaka tobaa awe anavuta boti yake ya faiba kupeleka Lindi. Jamaa akaja na jenereta, grinda na mashine ya kuchomelea, mwenyewe shemeji alikuwa kazini, nyumbani yupo dada tu na watoto. Zile habari za bolti tu zikayeyuka, akasema gari ikishashushwa tobaa haifiki kwenye chasisi kwa hiyo inabidi aishike kwenye vyuma vya bampa. Akachomelea, akapaka rangi nyeusi, akabandika stika yenye maneno ya Kijapani, akachukua hela iliyobaki akasepa. Na terminali ya betri hakuitoa wakati anachomelea, altaneta ikafa wiki hiyohiyo.

Jamani vyuma vya bampa kazi yake ni kushika bampa. Tela likivutwa halivuti tu kurudi nyuma, linakandamiza chini, linayumba, ukifunga breki linasukuma mbele, na nguvu zote hizo zinapita kwenye hicho chuma. Kawaida asilimia kama 10 hadi 15 ya uzito wa tela inakaa juu ya tobaa, kwa hiyo tela na boti vikiwa kilo 800 kuna kilo 80 mpaka 120 zinaning'inia nyuma kabisa ya gari, na hiyo gari imesimama tu, kwenye rasta inazidi hapo. Kwa gari iliyoshushwa ndo balaa zaidi kwa sababu nyuma haina nafasi ya kushuka, ekseli inagonga chasisi palepale ilipokatwa, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unaelea na taa zinamulika juu ya miti. Boli yenyewe, yaani lile duara la chuma ambalo kikombe cha tela kinakaa juu yake, kwa tobaa za Ulaya gari ikiwa na mzigo inatakiwa iwe sentimita 35 hadi 42 kutoka chini. Ya shemeji ilikuwa haifiki 30, tela limeinamisha pua kama linanusa lami. Fundi anayejua angeweka kichwa kilichopandishwa juu ili tela likae sawa, na angetengeneza mabamba marefu ya kushika chasisi pande zote mbili, mbali na palipokatwa. Gari iliyolala inafungika tobaa ya mzigo mwepesi, hilo halina shida, ila inataka kupimwa.

Kilichotokea ni kwamba wakiwa wanatoka Mikindani tobaa ikang'oka yote na bampa lake. Mnyororo wa usalama jamaa alikuwa ameufunga kwenye tobaa hiyohiyo, nao ukaondoka nayo. Tela likaingia mtaroni, boti imepasuka ubavu, na nyuma kulikuwa na bodaboda kapakia mama na mtoto, walipita pembeni kwa sentimita tu. Mpaka sasa nikikumbuka hilo mikono inatetemeka, yaani watu wangekufa kwa ajili ya laki tano za mtu.

Tulivyoichunguza, chuma chenyewe ni skwea paipu ya geti, wembamba wa milimita 2, na kipande kingine bomba la maji, ukikwangua rangi unakuta mng'ao wa zinki. Tobaa za kweli zile za mdomo wa mraba wa inchi 2 ukuta wake unakaribia milimita 6. Maungio yamechomelewa kwa vidoa vidoa halafu juu kapaka bodifila, ile pasta ya kuzibia bodi za magari, isionekane. Boli ilikuwa ya inchi 1 na 7/8 wakati kikombe cha tela ni cha milimita 50, inaingia vizuri tu ukiangalia, ila inacheza ndani na kwenye tuta inaweza kuchomoka.

Kwa hiyo mkiona tobaa, kwa huyu au kwa yeyote, laleni chini ya gari muangalie imeshika wapi. Isiposhika chasisi sio tobaa. Vichwa vya bolti viwe na namba ya uimara, 8.8 au 10.9, bolti isiyo na namba mrudishie mwenyewe. Boli nyingi nzuri zimegongwa saizi yake juu. Kibati kinachotaja uzito wa mwisho kiwe cha chuma kilichogongwa, stika mtu anaprinti stesheneri. Kwangueni rangi kidogo kwenye maungio, anayekataa usikwangue ana sababu. Na hela yote itoke kazi ikiisha mbele ya macho yako, gari ikiwa gereji inayojulikana, sio uani kwako na mtu wa kupita.

Kama ameshakufungia tafadhali usivute kitu hata tela tupu, hata hapo mtaani tu, mpaka fundi mwingine apite chini. Nimeambiwa kuna mama Lindi anavuta tela la samaki na chuma cha huyu jamaa, anayemfahamu amfikishie ujumbe leo asisubiri kesho, korosho zikianza barabara zinajaa malori. Wenye meseji za miamala na picha zake alipokuwa anafunga hizo tobaa msifute, nicheki inbox niwaelekeze pa kupeleka, tunahitaji watu zaidi wa kuandika maelezo polisi maana anasema ya shemeji ilikuwa bahati mbaya ya mara moja.