Nilinunua mashine ya juisi kwa ajili ya mama

Mashine hii niliinunua Februari, na sababu ilikuwa mama. Ana kisukari, anadunga insulini, na kila akija kliniki kutoka Ahero hulala kwangu hapa Mamboleo. Mimi niliamini juisi freshi ni dawa. Nikalipa shilingi 14,500 katika duka moja la vyombo mjini Kisumu, Jumapili nikapitia soko la Kibuye kuchukua machungwa, na jioni ile nikamkamulia glasi yake ya kwanza. Machungwa manne, bila hata chembe ya sukari.

“Nyathina (mwanangu), hii ni tamu kuliko soda,” akaniambia, akamaliza yote.

Baada ya saa mbili tukampima sukari ya damu. Kabla ya kunywa alikuwa 7.6 (milimoli kwa lita); sasa kipimo kikasoma 14.2. Sikulala vizuri usiku huo.

Kesho yake muuguzi wa kliniki alinieleza kwa upole. Chungwa likitafunwa linaingia tumboni na nyuzinyuzi zake, kwa hiyo sukari yake hupanda polepole. Ukilikamua, nyuzinyuzi nyingi zinabaki kwenye machicha, na kwenye glasi unapata maji, vitamini na sukari. Nani hukaa chini akala machungwa manne kwa mpigo? Lakini kuyanywa ni dakika moja. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi, hata uliyoikamua mwenyewe, pamoja na ile ya kijiko, na linashauri mtu mzima akiweza abaki kwenye gramu 25 hivi kwa siku. Glasi ya mama ilikuwa imekaribia kuzimaliza zote.

Nayaeleza haya mwanzo kabisa kwa sababu muuzaji hakunieleza, na kuna wengi wanaowanunulia wazazi wao mashine hizi kwa nia njema kama yangu.

Mashine yenyewe ni nzuri. Ni ya kusaga polepole: ndani ina parafujo nene ya plastiki inayoviponda vitu na kuvikamua, si kisu kinachozunguka kwa kasi. Haina kelele, mtoto analala chumba cha pili na haamki. Ni wati 150 tu, kwa hiyo tokeni za stima hazishtuki. Machicha yanatoka makavu, na kilo moja ya karoti hunipa karibu nusu lita.

Sasa nakamua mboga zaidi, tunda nalitia kidogo la kuonja. Mchanganyiko wetu wa kila wiki ni matango mawili, karoti moja, majani machache ya sukuma wiki, kipande cha tangawizi na ndimu nusu. Bitruti pia naipenda, ila usishtuke ukienda choo ukaona mkojo umekuwa mwekundu. Aliye na historia ya mawe ya figo asikamue spinachi na bitruti kila siku, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuanza kunywa majani mabichi.

Sukuma wiki katakata vipande vya urefu wa kidole gumba. Nilitia jani zima na vikonyo vyake, nyuzi zikajizungusha kwenye parafujo hadi mashine ikakwama. Nanasi hivyo hivyo. Jani likishaingia, fuatisha kipande cha karoti kilisukume. Embe na ndizi ni kazi ya blenda, humu zinakuwa uji tu. Na miwa usijaribu, hata kama Muhoroni kwenye mashamba ya miwa ni hapo tu.

Matunda yaoshe kabla ya kumenya, maana kisu huchukua uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Juisi hii haijachemshwa, kwa hiyo kijidudu kilichoingia kinabaki. Kwa joto la Kisumu mimi siiachi mezani. Inanywewa papo hapo, au inaingia kwenye friji ndani ya chupa iliyojaa hadi mdomoni na kuisha siku hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja simpi kabisa.

Kinachonichosha ni kuosha. Chujio ukiliacha dakika 20 tu, machicha yanakauka kwenye matundu na utasugua kwa brashi hadi mkono uchoke. Halafu mwezi wa tano mpira wa chini ulianza kuvuja. Dukani walikataa kunibadilishia ingawa risiti nilikuwa nayo, na hilo liliniuma. Fundi mmoja wa Kondele alinitafutia mpira mwingine unaokaa vizuri.

Machicha ya karoti siyatupi. Nayakanda kwenye unga wa chapati, na nyumba nzima inayala.

Mama siku hizi anamenya chungwa lake moja akalitafuna polepole jikoni, huku mimi nakamua matango. Juisi tamu tumemwekea kwa jambo moja tu: sukari ikishuka chini ya 4, anakunywa mililita 150, tunampima tena baada ya dakika 15. Hiyo ni pakiti ndogo ya dukani iliyo kabatini, na nyingine iko kwenye mkoba wake wa Ahero, kwa sababu mtu akianza kutetemeka hakuna muda wa kumenya machungwa.