Adobe Animate: Kwa Nini Mkunjo Unaharibika Maumbo Yakipandana

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tupo na Adobe Animate, programu ya kuchora katuni zinazotembea, na nimechagua sehemu moja tu ya programu hii, ile inayowafanya wachoraji wengi wailaumu mikono yao bure. Umechora mkunjo safi, umechora mwingine juu yake, ukiinua kalamu tu, ule wa kwanza umeharibika.

Tazama hapa kwenye kioo. Nachora duara, hili ni jicho. Napitisha mstari wa kope juu yake, leya (tabaka la mchoro) ileile. Sasa nabofya duara... unaona? Kimekamatwa kipande cha juu peke yake! Mstari umelikata duara, na kila vilipopishana pamezaliwa nukta mpya. Ngoja nikuze. Haya, pale kwenye nukta pana kona ambayo mimi sikuichora.

Hii ni hali ya kuchora kwa kuunganisha, na programu huanza nayo. Vilivyo kwenye leya moja vikigusana vinakatana. Tangu enzi za Flash, jina la zamani la programu hii, kila kipande cha mkunjo kwenye faili la SWF, lile la katuni iliyokamilika, kina nukta moja tu ya kuupinda, na vipimo vyake huenda kwa sehemu ya 20 ya pikseli, kwa hiyo mkunjo ukikatwa husogea kidogo. Katika umbo kubwa huwezi kugundua kitu. Katika jicho dogo kama hili, inaonekana. Kwa hiyo chora kubwa, ligeuze kuwa simbo (kitu kinachohifadhiwa kwenye maktaba ya programu), ndipo ulipunguze.

Dawa yenyewe ni herufi J kwenye kibodi. Ukiibonyeza, kila umbo linabaki kitu kinachojitegemea. Uwezo huu ulikuja na Flash 8 mwaka 2005. Narudia lile jicho na ile kope. Nasogeza kope pembeni, duara zima, halina hata mkwaruzo. Raha sana.

Lakini nisikufiche: ukitumia J, ndoo ya rangi haitajaza nafasi iliyozungukwa na vitu viwili tofauti. Kwenye kupaka rangi, ile hali ya kuunganisha naipenda mno, sijaona njia nyepesi kuizidi. Mimi nachora kwa J, nanakili leya, halafu nakala ndiyo naivunja kwa Ctrl+B na kuipaka. Mchoro wa asili siugusi.

Mkunjo ukipinda hata pasipo kugusana na kitu, angalia penseli yako: itoe kwenye kunyoosha au kulainisha, iweke kwenye wino. Na ile alama ya sumaku izime, maana huvuta ncha ya mstari kwenda isikotakiwa.

Na kama umeburuta umbo likakaa juu ya jingine, usibofye pembeni kwanza. Maadamu bado limechaguliwa halijaungana. Bonyeza Ctrl+G hapo hapo, liwe kundi, ndipo uendelee na kazi.