Kuhamisha seva za ofisi kwenye mashine pepe: ununue jukwaa lipi?

Chumba cha seva ninachokifahamu kuliko vyote ni cha hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Nilipokabidhiwa kilikuwa na seva saba: ya mfumo wa wagonjwa, ya uhasibu, ya mafaili, ya akaunti za watumiaji, na tatu nyingine ambazo ilinichukua siku kadhaa kujua zinafanya nini. Nikazipima kwa wiki mbili. Karibu zote zilikuwa zimelala muda mwingi wa siku, lakini kila moja ilikula umeme wake, ikatoa joto lake, na kudai nafasi yake kwenye UPS. Mbili zilikuwa za zamani kiasi kwamba vipuri havipatikani tena.

Kuhamia mashine pepe ni kuzitoa zile saba na kuziweka ndani ya mashine mbili zenye nguvu, kila moja ikiendelea kufanya kazi kana kwamba iko peke yake. Programu inayosimamia mgawanyo huo ndiyo ninayoiita jukwaa, na ndiyo watu huniuliza wanunue ipi.

Nimeyapanga majukwaa kwa maswali mawili tu. La kwanza: umeme umerudi saa nane usiku, mashine imegoma kuwaka, na aliyepo ni fundi mmoja wa TEHAMA. Ataweza kuurudisha mfumo? La pili: taasisi itaweza kulilipia jukwaa hilo mwaka wa tatu, shilingi ikiwa imeshuka dhidi ya dola? Jukwaa lisilofaulu maswali hayo siliweki juu, hata liwe na uwezo wa kiasi gani.

Kabla ya jukwaa, chuma

Nimeona bajeti ikimalizikia kwenye leseni, kisha programu ya bei kubwa ikafungwa kwenye mashine dhaifu. Anza na mashine mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba mzigo wote mwenzake akifa. Kinachoisha kwanza ni RAM, si prosesa. Jumlisha RAM ambayo seva zako zinatumia kweli, siyo iliyoandikwa kwenye boksi, kisha ongeza nusu yake.

Seva ya Dell au HPE iliyotumika inafaa kabisa ukiikagua vizuri, ila diski ziwe mpya. Chukua SSD za daraja la seva zenye kinga ya umeme kukatika: zina chaji kidogo ndani inayomalizia kuandika data umeme unapokatika ghafla. SSD za kompyuta za mezani kwa kawaida hazina kinga hiyo, na huku kwetu umeme hukatika. Hapa usibane matumizi.

1. Proxmox VE

Kwa taasisi nyingi za ukubwa wa kati, hospitali, vyuo, SACCOS na halmashauri, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Limetengenezwa Vienna, Austria, na lilitoka mwaka 2008. Limejengwa juu ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na KVM, teknolojia ya mashine pepe iliyoingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2007. Unalipakua bure na kila kipengele kipo. Hakuna kilichofungiwa ndani ya leseni ya juu. Usajili wa kulipia huhesabiwa kwa soketi, yaani kila tundu la prosesa kwenye seva, kwa mwaka, na ngazi ya chini ni zaidi kidogo ya euro 100. Unachopata ni hazina ya masasisho yaliyopimwa zaidi. Bila usajili mfumo unafanya kazi, isipokuwa unapata masasisho kutoka hazina ambayo wenyewe hawaipendekezi kwa kazi za uzalishaji. Kwa seva ya wagonjwa, lipia.

Sababu kubwa ya kuliweka juu ni Proxmox Backup Server. Nayo ni bure, na inahifadhi sehemu zilizobadilika tu, kwa hiyo bakapu ya kila usiku haijazi diski haraka. Unaweza kufungua bakapu ya jana ukachomoa faili moja bila kurudisha mashine nzima. Na mashine mbili zinazotumia ZFS, mfumo wa kupanga data kwenye diski, zinaweza kurushiana nakala za mashine pepe kila baada ya dakika 15, bila kununua hifadhi ya pamoja ya bei kubwa.

Kasoro zake uzijue. Klasta, yaani mashine zilizounganishwa zifanye kazi pamoja, hupiga kura kuamua nani aendelee na kazi, na mashine mbili haziwezi kupata wingi wa kura mmoja akianguka. Unahitaji mpiga kura wa tatu, ambaye anaweza kuwa kompyuta ndogo tu yenye Debian. Wengi huruka hatua hii, kisha mashine iliyobaki hai inakataa kuwasha chochote. Kasoro nyingine: fundi lazima awe anaijua Linux kiasi cha kutumia amri bila woga. Na msaada rasmi unatolewa siku za kazi kwa saa za Vienna, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja au mbili. Jumamosi usiku uko mwenyewe.

2. Hyper-V

Kama seva zako zote ni Windows na mafundi wako wamekulia kwenye Windows, lipandishe hili liwe la kwanza. Limo ndani ya Windows Server tangu toleo la 2008, na huenda tayari umelilipia. Kipengele chake cha Replica hutuma nakala kwenye seva ya pili kila sekunde 30, dakika 5 au 15, na kukiandaa ni kazi ya asubuhi moja. Lile toleo la bure lililojitegemea, Hyper-V Server, liliishia kwenye toleo la 2019, na msaada wake unakoma Januari 2029. Usianze nalo leo.

Kwenye leseni za Windows taasisi nyingi hujikwaa, na inawahusu hata wanaochagua Proxmox. Windows Server Standard hulipiwa kwa kori zote (viini vya kazi vilivyo ndani ya prosesa) za mashine, zisizopungua 16, na inakupa haki ya mashine pepe mbili tu za Windows. Ukitaka ya tatu na ya nne, unalipia kori zote upya. Kama mashine pepe inaweza kuhamia seva ya pili wakati wowote, seva hiyo nayo lazima iwe na leseni zake. Na ile leseni ya OEM iliyokuja na seva yako ya zamani imefungwa kwenye chuma kile, haihami. Piga hesabu hii mapema, kabla ya kupeleka maombi kwa mhasibu.

3. XCP-ng

Lilizaliwa mwaka 2018 kutoka XenServer na linatunzwa na kampuni ya Vates ya Grenoble, Ufaransa. Ni imara, na ukurasa wake wa usimamizi, Xen Orchestra, ni rahisi kwa asiyependa kuandika amri. Nimeliweka la tatu kwa jambo moja: kumpata fundi wa Xen, teknolojia ambayo limejengwa juu yake, hapa ni kazi ngumu kuliko kumpata wa Linux ya kawaida. Pia diski za VHD (mafaili yanayobeba diski za mashine pepe) linazozitumia kwa kawaida zina kikomo cha takriban TB 2, kwa hiyo mwenye seva kubwa ya mafaili au picha za X-ray apange mapema.

4. VMware vSphere

Inaniuma kuliweka hapa, maana ndilo lililonifundisha kazi, na kwa ubora wa kiufundi sina neno baya dhidi yake. Lakini Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata leseni za kununua mara moja zikasimamishwa. Sasa ni usajili, unahesabiwa kwa kori, na kila prosesa hulipiwa angalau kori 16 hata kama ina 8. ESXi ya bure, ile programu ya VMware inayowekwa kwenye seva kuendesha mashine pepe, iliondolewa Februari 2024, ikarudishwa Aprili 2025, lakini haiunganishwi na vCenter, programu ya kusimamia seva nyingi pamoja. Benki au kampuni ya simu yenye mafundi wake na mkataba wake ibaki nayo. Taasisi inayoanza leo na seva saba, hapana. Kama tayari uko huko na unataka kutoka, Proxmox tangu toleo la 8.2 ina zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi.

Nutanix, jukwaa jingine, ni nzuri na bei yake ni ya taasisi kubwa; sitakaa hapo. Kukodi mashine kwenye wingu, Cape Town au Johannesburg kwa mfano, kunafaa tovuti na barua pepe. Kwa mfumo wa wagonjwa sishauri: intaneti ikikatika, dirisha la dawa linasimama. Na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti kuhusu taarifa zinazopelekwa nje ya nchi.

Siku ya kuhama

Usihamishe vyote. Seva ya akaunti za watumiaji usiinakili. Tengeneza mpya ndani ya mashine pepe, iiunge na ya zamani, ipokee taarifa, kisha istaafishe ya zamani kwa utaratibu. Nakala mbili za seva hiyo zikiwaka pamoja, utatumia juma zima kusafisha.

Kwa Windows nyingine, Disk2vhd ya Microsoft inanakili diski huku seva ikiwaka, ila zima kwanza huduma ya hifadhidata. Mimi nilikosea hapo mara ya kwanza: nikaileta diski ya mfumo wa uhasibu kwenye Proxmox, nikaiunga moja kwa moja kwa VirtIO, njia ya haraka ya kuunga diski ya mashine pepe inayohitaji draiva yake, na skrini ya bluu ikaniambia haioni diski ya kuwakia. Draiva haikuwemo. Dawa yake ni kuiwasha kwanza kwa SATA, njia ya kawaida ya kuunga diski, kuongeza diski ndogo tupu ya VirtIO, kusakinisha draiva, kuzima, kisha kubadilisha diski kuu. Na kama seva ya zamani iliwaka kwa BIOS, njia ya zamani ya kuwasha kompyuta, usiipe mashine pepe UEFI, ambayo ni njia mpya.

Angalia pia nyuma ya seva kabla ya kuanza. Mifumo ya zamani ya uhasibu huwa na kifaa cha leseni kimechomekwa kwenye USB. Jukwaa linaweza kukipitisha hadi ndani ya mashine pepe, lakini mashine hiyo haitaweza tena kuhama yenyewe. Leseni nyingine imefungwa kwenye anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Iandike, uipe mashine pepe anwani ileile.

Ukimaliza, zima seva ya zamani na uchomoe waya wa mtandao, usiwe umezima tu. Umeme ukirudi huwa zinawaka zenyewe, na sasa kuna mbili zenye anwani moja. Iache hivyo hadi mhasibu afunge mwezi, ndipo uiondoe kwenye kabati.