Bendi ya roki ya watu watatu hapa Nairobi: uzoefu wangu wa kuisikiliza na kuikodi

Nimeisikiliza bendi hii mara nne, Westlands na Barabara ya Ngong, na nimeikodi mara moja kwa sherehe ya watu 80. Ni gita, besi na dramu, waimbaji wakiwa mpiga gita na mpiga besi kwa zamu. Wakodi kwa ajili ya nyimbo zao na ule muziki wanaoubuni papo hapo. Anayetaka kava, yaani nyimbo za wasanii wengine, usiku kucha atafute bendi yenye kinanda.

Sababu iko kwenye idadi yao. Nyimbo nyingi za roki zilirekodiwa kwa magita mawili matatu. Hapa mpiga gita akianza solo, hakuna anayeshika kordi (noti zinazopigwa pamoja) nyuma yake, na wimbo unabaki mifupa. Nyimbo za bendi ya Cream na za bendi ya Jimi Hendrix zinawakaa vizuri kwa kuwa bendi hizo, zilizoanza 1966, nazo zilikuwa za watu watatu. Nyingine zinapwaya.

Nyimbo zao wenyewe ndizo zenye ladha. Upo mmoja wa tokeni za stima: kiitikio chake ni tarakimu 20, zikiimbwa nne nne, makundi matano, huku dramu ikihesabu mapigo matano. Wachezaji hujikwaa mwanzoni, kisha miguu inazoea.

Wakianza kubuni, besi hushika mzunguko mfupi wa kordi moja au mbili, dramu inaingia taratibu, gita mwisho. Hapo ndipo ninapowapenda zaidi. Hawang'ang'anii bluzi tu: gita huhamia kwenye vidole vya benga, noti moja moja kwa kasi kwenye nyuzi nyembamba, na besi inapanda mbele kujibizana nalo. Kuna wakati mpiga dramu huacha fimbo akagonga chupa ya soda, kama wapiga omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya. Mpiga besi akiinua shingo ya gita lake, wanapiga mizunguko minne na kufunga kwa pamoja. Kasoro yao ni urefu. Wakivuka dakika kumi hivi, dramu huanza kukimbia, na gita linaongezwa sauti kushindana na matoazi.

Kwa anayetaka kuwakodi, tenga nafasi ya mita 4 kwa 3. Tandika zulia la mita 2 kwa 2 chini ya dramu, maana kwenye vigae dramu ya mguu husogea mbele kila inapopigwa. Amplifaya na miksa vichukue stima mahali pamoja. Ukivuta kutoka soketi mbili zilizo mbali, gita huanza kunguruma. Taa zipe laini yake ya stima.

Waambie waje na amplifaya ndogo ya gita, ya wati 15 hadi 30. Ile kubwa ya valvu hainogi mpaka ipandishwe, na ikipandishwa katika ukumbi mdogo, maneno ya wimbo hayasikiki tena. Monita, ile spika ya mwimbaji kujisikia, iwekwe nyuma ya maikrofoni, uso kwa mwimbaji. Ikikaa pembeni au mbele, mluzi wa spika hauishi. Majaribio ya sauti yapewe dakika 45, na sauti za waimbaji zipimwe wote watatu wakipiga kwa nguvu. Ukumbi wa vioo na vigae uepuke kabisa, au uning'inize mapazia mazito nyuma ya dramu.

Kama ni nyumbani, anza saa tisa au saa kumi alasiri. Kanuni za kelele za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango kinachoruhusiwa hapo kinashuka sana. Dramu hazipunguzwi kwa kitufe. Awamu mbili za dakika 50 zinatosha. Kava ziwekwe kwenye ya kwanza, wageni wakiwa bado wanakula.